Mkoba wa Kamera: Mzigo wa Bega na Amana ya Watu

Ukiandama mwezi wa Mfunguo Mosi, harusi za pwani hufuatana moja baada ya nyingine, na pamoja na wapambaji, wapishi wa biriani na wachoraji wa hina, huja mtu ambaye zamani hakuwamo katika hesabu ya shughuli: mpiga picha wa kike. Yeye huingia ukumbini siku ya kupamba, mahali ambapo mwanamume hatii mguu. Simu za wageni hukusanywa mlangoni, naye pekee ndiye apewaye idhini ya kupita na kifaa cha kupigia picha. Huingia alasiri, hutoka usiku mkubwa, na muda wote huo pana mkoba unaoning'inia begani mwake.

Makala haya ni ya mkoba huo. Kuhusu kamera yamesemwa mengi, na kijana anayetaka kununua kamera hakosi mshauri hata barazani. Mkoba hununuliwa mwisho, kwa pesa zilizobaki, na mara nyingi kwa kutazama rangi tu. Lakini ukikaa na mabinti zetu wanaoifanya kazi hii, malalamiko utakayoyasikia mapema si ya macho wala ya vidole, ni ya bega, shingo na kiuno. Kazi hii kwa wengi wao ndiyo inayolipa karo za wadogo zao na kodi ya nyumba. Bega likiharibika, riziki nayo huyumba.

Babu zetu hawakuyajua matatizo haya, kwa sababu zama zao watu ndio walioifuata kamera. Katikati ya karne iliyopita, aliyetaka picha mjini Mombasa alivaa vizuri akaenda studio, kama ile ya N. V. Parekh, na Lamu ikawa na studio yake ya Bakor. Kamera ilisimama juu ya miguu yake mitatu, taa zilikuwa mahali pake, na pazia la nyuma lilikuwa limekwisha kuchorwa. Leo mambo yamegeuka: kamera ndiyo inayowafuata watu, kutoka Kibokoni hadi Likoni, kutoka Malindi hadi Lamu, kwa tuktuk, kwa matatu, kwa feri na kwa mashua. Aliyelibeba hilo lote ni mtu mmoja na mkanda mmoja.

Tuanze na uzito wenyewe, kwani wengi hawajapata kuupima. Kamera moja ya kazi, bila lenzi, huwa na gramu 700 hivi. Lenzi ya kawaida ya harusi, ile inayovuta kutoka upana wa 24 hadi 70, ikiwa ni ya zile zinazopenda giza, hukaribia kilo moja. Lenzi ndefu ya 70 hadi 200 huweza kufika kilo moja na nusu. Mpiga picha mwangalifu hachukui kamera moja, kwa kuwa arusi hairudiwi ati kamera imezima, basi weka kamera ya pili. Weka flashi mbili, kila moja karibu gramu 400 kabla ya betri. Weka betri za akiba, chaja, nyaya, kadi, kitambaa cha kufutia, na chupa ya maji ya nusu lita, ambayo peke yake ni nusu kilo. Halafu ukumbuke kwamba mkoba wenyewe, ukiwa mtupu, ukiwa na sponji na zipu zake zote, unaweza kuwa kilo moja na nusu au mbili. Jumla yake ni kilo saba na ushei. Chukua dumu la lita tano lililojaa maji, ulifunge pamoja na pakiti ya unga ya kilo mbili, uvitundike begani kuanzia laasiri hadi saa nne za usiku. Ndiyo kazi yenyewe.

Kanuni inayotajwa mara nyingi ni kwamba mzigo wa kubeba muda mrefu usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mbebaji. Binti wa kilo 60, kwa kanuni hiyo, hesabu yake ni kilo sita. Mwenye kilo 50, ni tano. Kwa hiyo swali la kwanza la kununua mkoba haliulizwi dukani. Huulizwa nyumbani, juu ya mkeka, vifaa vyote vikiwa vimepangwa mbele ya macho: kipi hakikutumika katika harusi tatu zilizopita? Ile lenzi ndefu, ndani ya ukumbi ambamo bibi arusi amekaa hatua nne kutoka kwako, ina kazi gani? Mara nyingi kilo moja na nusu huokolewa papo hapo bila kutoa hata shilingi.

Sasa tutazame linalotokea mwilini, maana hapa ndipo maumbo ya mikoba yanapotofautiana. Mkoba ukining'inia bega moja, mkanda hutaka kuteleza. Ili usiteleze, mbebaji huinua bega lake kidogo, bila kujijua, na hulishikilia hivyo saa nzima, saa mbili, saa tano. Msuli unaotoka shingoni kwenda begani haupumziki hata dakika moja. Uti wa mgongo nao hujipinda kuelekea upande wa pili kutafuta mizani. Siku ya pili mtu huamka na shingo ngumu, akadhani amelalia mto vibaya.

Kwa dada zetu kuna jambo la ziada ambalo watengenezaji wa mikoba wa ng'ambo hawakulifikiria hata kidogo: buibui. Kitambaa cha buibui ni laini, chepesi, na mkanda wa nailoni juu yake huteleza kama samaki. Kwa hiyo bega huinuliwa zaidi, na mkono wa pili hauishi kuurudisha mkanda mahali pake. Ukivaa mkanda kwa kuuvukisha kifuani, kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia, hauanguki, lakini hukamata ushungi, na kila unapogeuka kupiga picha mtandio huvutwa nyuma. Dawa yake si ghali. Tafuta mkanda wenye upana wa sentimita tano au zaidi, ambao upande wake wa ndani umetiwa mpira wenye vijipele au kitambaa kizito kisichoteleza. Usiponunua wenye mpira huo, fundi anayeshona mikoba atakushonea kipande kwa muda wa kunywa chai. Nao ushungi na ubanwe kwa pini kabla ya kuvaa mkoba, wala si baada yake. Mkanda uvaliwe chini ya ncha za mtandio, sio juu yake.

Shanta, yaani begi la mgongoni, hugawa mzigo kwa mabega mawili, na lile lenye mkanda wa kiunoni hupeleka sehemu kubwa ya uzito nyongani, ambako mifupa ni mikubwa na imeumbwa kubeba. Kwa mwendo mrefu hakuna umbo linaloishinda. Anayepiga picha za Maulidi ya Lamu, ambaye atatembea tangu mbele ya msikiti wa Riyadha hadi ufukweni kwenye mashindano ya punda na majahazi, achukue shanta na asishauriane na mtu. Tena achague lile linalofunguka upande wa mgongoni, upande unaogusana na mwili, sio upande wa nje. Faida yake ni mbili. Katika msongamano hakuna mkono wa mwizi utakaoifikia zipu. Pia ukililaza chini mchangani ili ulifungue, kinacholala mchangani ni upande wa nje, na upande utakaorudi kugusana na nguo zako hubaki safi.

Lakini ndani ya ukumbi wa kupamba, shanta ni taabu. Kila ukitaka kubadilisha lenzi ni lazima ulivue, uliweke chini, upige magoti, na yote hayo huku bibi arusi ameshaanza kuingia na vigelegele vimepanda. Ukigeuka ghafula baina ya viti, begi hilo la nyuma humpiga mama wa watu usoni. Ndiyo sababu walio wazoefu hutumia vyote viwili: shanta la safari kutoka nyumbani hadi ukumbini, na ndani yake mkoba mdogo mwepesi wa nyongani, wenye lenzi moja, betri mbili na kadi, ambao ndio wanaozunguka nao. Shanta hubaki mahali pamoja panapojulikana. Mja mzito, na wako wengi wanaofanya kazi hadi miezi ya mwisho, mkanda wa kiunoni haumfai. Huyo apunguze vifaa hadi kamera moja na lenzi moja, na msaidizi ambebee yaliyosalia. Bei ya msaidizi iingizwe katika bei ya kazi tangu siku ya kupatana.

Begi la magurudumu? Labda kwa mwenye gari na mwenye ukumbi wa sakafu ya marumaru. Vichochoro vya Mji wa Kale na mchanga wa Shela vitalimaliza kwa mwezi mmoja.

Wakati wa kununua, usiujaribu mkoba ukiwa mtupu. Mkoba mtupu hauna kosa, kila mmoja dukani unakaa vizuri kama vile umeshonewa wewe. Nenda na vifaa vyako. Ukiogopa kutembea navyo, nenda na pakiti tatu za unga za kilo mbilimbili. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Zitie ndani, uvae mkoba juu ya buibui au kanzu utakayoivaa kazini, utembee dakika kumi, upande ngazi na kushuka, uiname kama anayepiga picha ya mtoto. Kisha jiulize: mkanda umegusa shingo? Chini ya mkoba panagonga paja kila hatua? Unaweza kufungua kwa mkono mmoja gizani? Zipu ina makelele? Hili la mwisho lina uzito wake kwa anayepiga picha za nikahi msikitini. Mkoba unaofungwa kwa gundi ya vijinyuzi, ile inayolia kama kanga inayopasuliwa, katikati ya khutba ya ndoa utawageuza watu wote wakutazame.

Mikoba ya kamera iliyosifika duniani haikubuniwa na wenye viwanda vikubwa. Katika miaka ya 1970, Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la The Philadelphia Inquirer la Marekani, alichoka na mikoba ya wakati ule iliyokuwa migumu kama masanduku. Akatengeneza wa turubai laini, usiokuwa na sponji nyingi, unaojilaza nyongani ukafuata umbo la mwili. Mkoba huo ungali unashonwa. Billingham ya Uingereza ilianza miaka hiyohiyo kwa kushona mikoba ya wavuvi wa ndoana, na baadaye ndipo ilipogundua kwamba wapiga picha walikuwa wakiinunua kuwekea kamera. Nayataja haya kwa sababu yanampa moyo mwenye pesa chache: wa mvuvi umefaa, basi hata wa sokoni waweza kufaa, mradi uvae vizuri na uhifadhi vilivyomo.

Hapo ndipo linapokuja lile ninaloliona kuwa bora kwa mji wetu kuliko mikoba yote ya majina. Siku hizi huuzwa kile ambacho mimi hukiita kiota: sanduku laini la sponji lenye vyumba, lisilo na mkanda wala kifuniko cha fahari, linalotiwa ndani ya mkoba wowote. Kiota hicho hukaa ndani ya mkoba wa kawaida wa kina mama, ndani ya begi la shule, na hata ndani ya kikapu cha ukindu kilichofunikwa leso. Mkoba mweusi wenye jina la kampuni ya kamera limeandikwa kwa herufi nyeupe ni tangazo linalotembea, na anayelisoma kwanza Mwembe Tayari saa mbili za usiku si mteja. Kikapu cha leso hakimshtui mtu, na juu yake unaweza kuweka hata mkungu wa ndizi mbili tatu.

Wala kiota si lazima kitoke ng'ambo. Fundi anayeshona viti na makochi ana kila kinachohitajika. Ila umwambie asitie sponji ya godoro. Sponji ya godoro hunywa unyevu, na baada ya muda huanza kupukutika vumbi la manjano ambalo huingia katika kila tundu la kamera. Mwambie atie sponji ngumu isiyonyonya maji, ya aina ile ya ndara au ya mikeka ya mazoezi, unene wa sentimita moja, iliyovikwa kitambaa laini kisichotoa manyoya. Vipimo vya vyumba uvichukue mwenyewe kwa kuweka lenzi zako juu ya karatasi na kuzichora, na kuongeza upana wa kidole kila upande.

Unyevu huo unastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu mwandishi wa Ulaya anayepanga sifa za mkoba hauweki hata mstari wa kumi, na kwetu ni adui wa kwanza. Hewa ya pwani ina maji na ina chumvi. Chumvi hula zipu za chuma na bizimu zilizopakwa rangi ya fedha. Mwaka mmoja tu, na zipu hukwama nusu ya njia. Chagua zipu za plastiki nene, au bizimu za shaba halisi, na mara moja kwa mwezi upitishe kipande cha mshumaa juu ya meno ya zipu. Ngozi ni nzuri kwa macho, lakini masika ikiingia, mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini hutoka na ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa. Turubai au nailoni nzito zinatufaa zaidi.

Kuvu hao hao huingia ndani ya lenzi. Hupenda giza, joto, unyevu na hewa isiyotembea, na hivyo vyote vinne vimo ndani ya mkoba wa sponji uliofungwa. Lenzi ikishaota nyuzinyuzi za kuvu ndani ya kioo, gharama za fundi mara nyingine hushinda bei ya lenzi. Kwa hiyo mkoba, hata ukiwa bora namna gani, ni chombo cha safari, si ghala. Ukirudi nyumbani, toa kila kitu. Vifaa vilale katika ndoo au sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya kukausha hewa, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na vibadilishwe vikishiba unyevu. Wako wanaotia mchele badala yake. Mchele una vumbi, na una wadudu. Uachiwe wali.

Tena kuna ule ukungu wa papo kwa papo. Ukumbi una kiyoyozi kikali, na nje hewa ni nzito. Ukitoka na kamera baridi mkononi kwenda kumpiga picha bwana harusi anayeshuka garini, lenzi hufunikwa na mvuke mara moja, na ukifuta unarudi. Hapa mkoba wenye sponji ya kutosha na kufunga vizuri ndio unaokuokoa: irudishe kamera ndani, funga zipu, toka nje na mkoba, uusubirishe dakika 20 au 30 joto liingie polepole. Mkoba usiofunga vizuri hauwezi kazi hiyo.

Nimeliacha hadi sasa lile ambalo wazazi hulifikiria zaidi, nalo ndilo linaloufanya mkoba wa mpiga picha wetu kuwa kitu tofauti na mkoba wa mpiga picha wa simba na tembo. Ndani yake mna nyuso za wake za watu na mabinti za watu, wakiwa wamejipamba, vichwa wazi, mahali walipokuwa wakiamini hawaonekani na asiye maharimu. Kamera ikiibwa, hununuliwa nyingine. Kadi ya picha za kupamba ikipotea, au ikiokotwa na mtu asiyemcha Mungu, hakuna bei inayorudisha. Familia haikumkodi binti huyu kwa sababu ya lenzi yake. Imemkodi kwa sababu ni mwaminifu, na siku kadi itakapopotea hatapoteza mteja mmoja, atapoteza mtaa mzima.

Basi mkoba utazamwe kwa jicho hilo. Kadi zilizojaa zisikae mahali pamoja na zilizo tupu, wala zisikae katika mfuko wa nje ambao mikono huingia na kutoka. Pawe na mfuko mdogo wa ndani wenye zipu yake mwenyewe, upande unaogusana na mwili, na ndani yake kipochi kigumu cha kadi kilichofungwa kwa kamba fupi kwenye pete ya mkoba. Wengine hawaamini hata hilo, na kadi zilizojaa huziweka katika kipochi cha kuvaa shingoni chini ya buibui. Ni uangalifu ninaousifu. Mkoba wenye picha usiachwe kwa mlinzi wa gari, usitiwe buti ya tuktuk, usipewe mtoto kuushika. Wakati wa sala ukifika ukumbini, na Magharibi hufika katikati ya shughuli, uwekwe mbele, pembeni kidogo mwa mahali pa kusujudu, sio nyuma ya mgongo. Si vibaya kuchagua mkoba wenye nafasi bapa ya msala mwepesi. Mlangoni, wanawake wanaopekua mikoba watataka kuona kila kilichomo, hivyo mkoba unaofunguka wote kwa zipu moja na kuonyesha kila chumba huondoa maneno mengi na dhana mbaya.

Waume nao wasidhani haya hayawahusu. Picha za wanaume husambaa kwa urahisi zaidi na hazina siri ileile, lakini uzito ni uleule. Mkenya aliyejulikana kuliko wote katika kazi hii, Mohamed Amin, aliyepiga picha za Hija na ambaye filamu zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko mjini Addis Ababa mwaka 1991. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia, akaendelea hadi alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa karibu na Komoro mwaka 1996. Wapiga picha wa zama zake walijivunia kubeba. Vijana wa leo wana vifaa vyepesi zaidi, na sioni fahari yoyote katika kuharibu mgongo kwa kubeba vya ziada ili mteja aone mkoba mkubwa.

Kwa wasafiri maneno machache. Betri za akiba za kamera hazitiwi katika mzigo unaokwenda chini ya ndege, hukaa nawe ndani, kila moja ncha zake zimezibwa. Mashirika mengi huruhusu kilo saba tu za mkononi, kwa hiyo mkoba wenyewe ukiwa kilo mbili umekwisha kukula. Kwenye treni ya Nairobi, mizigo hupangwa chini mstarini ikanuswa na mbwa kabla ya kuingia stesheni, na ambaye hapendi mate ya mbwa yaguse mkoba atakaouweka karibu na msala wake, autie kwanza ndani ya mfuko wa nailoni wa kutupwa. Mashuani, kutoka Mokowe kwenda Amu, usiruke ngazi ya gati ukiwa umeuvaa mkoba. Mpe nahodha kwanza, uingie, kisha uupokee. Aangukaye majini na shanta lililofungwa kiunoni huvutwa chini nalo.

Msimu wa harusi ukitulia, mkoba nao uoshwe. Mimina kila kitu, toa vyumba vya ndani, kung'uta mchanga, na usugue kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, hasa mkanda, ambao umenywa jasho na mafuta ya mwili na ndio unaoanza kuoza kwenye mshono. Uchunguze mshono huo kwa kidole: nyuzi zikianza kukatika pale mkanda unaposhikana na mkoba, mpelekee fundi kabla ya harusi nyingine. Uanikwe kivulini, mifuko ikiwa imepinduliwa nje, siku mbili nzima, maana sponji hukauka juu ikabaki mbichi ndani. Ukipindua mifuko hiyo hukosi kukuta kifuniko cha lenzi ulichokitafuta tangu mfungo uliopita, pini tatu za mtandio, na asumini zilizokauka.